JE, WAJUA? Boxer ya Wabera ina ukoo na Vespa

Wabera ni wadi ya mjini Isiolo iliyobeba jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa Juni 1963. Bodaboda aina ya Boxer ni nyingi hapa. Bajaj, kampuni ya India inayoziunda, katika miaka ya 1960 ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio ya Italia.

Vespa ilizaliwa mwaka 1946. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda: zilichafua nguo, na kubadilisha gurudumu kulikuwa shughuli. Basi akaifunika injini, akaacha nafasi ya miguu mbele, gia akaziweka mkononi. Huo ndio uhandisi ninaouheshimu, unaoanza na mwili wa mwendeshaji.

Vespa kuukuu na Boxer zote huueleza ugonjwa wao kupitia plagi. Ifungue uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ni nzima. Masizi meusi yanaonyesha petroli imezidi hewa. Kwa vumbi la Isiolo, anza na kichungio cha hewa kabla hujaigusa kabureta. Nyeupe kabisa? Hewa imezidi, na injini inapata joto kupita kiasi. Usiendelee na safari.

Mgongo nao una haki yake. Sponji nzito chini ya ngozi ya kiti, na shoki za nyuma zilizokazwa kulingana na mzigo, hupunguza maumivu mengi. Tairi zikijazwa upepo kupita kiasi, kila jiwe utalihisi kiunoni.