Samaki Anayekufa Maji, na Vitendawili Vingine vya Viumbe

Kitendawili!

Tega.

Nina samaki wangu, ukimzuia asitoe kichwa nje anakufa maji.

Fikirini kidogo. Naona mmoja anataka kusema pomboo. Hajakosea sana, maana pomboo huvuta hewa kama sisi, ila pomboo si samaki. Nyangumi naye vivyo hivyo. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mombasa siutaki, nimeshapewa mara nyingi mno. Nipeni Kisumu, kwa sababu huko hata mtoto mdogo angenijibu mara moja: kamongo.

Kabla ya kumweleza kamongo, niseme jambo moja. Vitabu vya maajabu ya wanyama hupenda kuwapanga mabingwa: duma hukimbia kwa kasi ya takriban kilomita 100 kwa saa, kozi akijirusha kutoka juu hupita 300, twiga ndiye mrefu kuliko wote, yai la mbuni ndilo kubwa kuliko ya ndege wote walio hai. Yote ni kweli. Ukipenda, yakariri uwatambie wenzako. Mimi orodha hizo hunichosha upesi, kwa sababu zinakwambia nani kashinda bila kukwambia alikuwa anashindana na nini. Kila kioja cha kiumbe ni jibu. Mahali anapoishi pamemtegea kitendawili, naye amejibu kwa mwili wake. Jibu tunaliona kwa macho. Linalobaki ni kulitafuta swali.

Haya, kamongo. Anaishi Ziwa Victoria na katika vinamasi, mito na madimbwi mengi ya Afrika. Ni mrefu, mwili wake kama wa mkunga, na mapezi yake ni membamba kama kamba. Maji ya kinamasi huwa ya vuguvugu na yamejaa majani yanayooza, kwa hiyo oksijeni ndani yake ni haba. Samaki wa kawaida hupumua kwa matamvua. Kamongo anayo, lakini madogo, hayamtoshi. Anategemea mapafu. Kila baada ya muda lazima apande juu, agugumie hewa, kisha azame tena. Ukimnasa wavuni chini ya maji asiweze kupanda, anakufa maji kama wewe na mimi.

Hiyo ni nusu tu ya kitendawili. Nusu ya pili ni hii: ufanye nini dimbwi lenyewe likikauka?

Kamongo haondoki. Anaanza kuula udongo. Anauma tope, analitafuna na kulitoa kupitia kwenye matamvua, akishuka taratibu mpaka apate shimo. Kisha anageuka humo ndani, kichwa kiwe juu, na kujikunja mpaka mkia umfunike uso. Ngozi yake inatoa ute mwingi. Maji yakiisha, ute ule unakauka na kuwa ganda jembamba la kahawia lililomzunguka mwili mzima, mithili ya mtu aliyejifunika shuka gubigubi, isipokuwa tundu moja dogo mdomoni pa kuvutia hewa. Moyo unapunguza mapigo. Chakula hakuna, kwa hiyo anaitumia misuli yake mwenyewe kidogo kidogo. Juu yake udongo unapasuka kwa jua, mbuzi wanapita, watu wanapita. Kwa kawaida hulala hivyo mpaka mvua zirudi; katika maabara, kamongo wamewahi kukaa kwenye maganda yao kwa miaka kadhaa na kuamka wazima.

Najua swali lenu, maana watoto wote huliuliza: mkojo je? Ni swali zuri kuliko mnavyodhani. Samaki wengi hutoa taka za mwili kwa namna ya amonia, ambayo ni sumu, na maji huisafisha. Kamongo aliyelala hana maji ya kumsafisha. Kwa hiyo anaacha kukojoa kabisa, anaigeuza amonia kuwa yurea isiyomdhuru, na kuiweka mwilini mpaka siku ya mvua. Mwanafiziolojia wa Marekani, Homer Smith, alivutiwa sana na jambo hili alipokuwa akichunguza namna figo zinavyofanya kazi, na mwaka 1932 alitoa kitabu alichokipa jina Kamongo. Kamongo ana ndugu zake Amerika Kusini. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba wameisoma DNA ya mmoja wao: herufi bilioni 91 hivi, mara 30 ya zile za binadamu, nyingi kuliko za mnyama yeyote aliyesomwa mpaka wakati huo. Nyingi zimejirudiarudia tu, kwa hiyo msidhani kwamba kamongo ana akili mara 30.

Mwenzake kamongo kwa kufa maji yuko Zanzibar. Ni kaa wa minazi, anayehifadhiwa katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Kati ya wanyama wote wa nchi kavu wasio na uti wa mgongo, hakuna aliye mkubwa kuliko yeye: anaweza kufika kilo 4, na akitanua miguu anakaribia mita moja. Hupanda miti, na gando lake lina nguvu ya kuvunja nazi. Akiwa mchanga huelea baharini, kisha hutoka na kubeba kombe la konokono mgongoni, mpaka siku gamba lake mwenyewe linapokuwa gumu akalitupa lile la kuazima. Tangu hapo ni wa nchi kavu, na ukimzamisha anakufa. Hata hivyo jike lazima arudi ukingoni mwa maji kuyaachia mayai yake, maana watoto hawawezi kuanzia kwingine. Visiwani hakukuwa na wanyama wakubwa wa kugombea matunda yaliyoanguka chini. Nafasi ilikuwa wazi, kaa akaichukua.

Sasa tushuke chini ya ardhi. Kitendawili: nyumba yangu ina wake wengi, anayezaa ni mmoja.

Mtasema nyuki, na ni jibu sahihi. Lakini kuna jibu la pili, nalo lina meno. Katika ardhi kame ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko asiye na manyoya. Ngozi yake ni ya waridi na imekunjamana, macho ni madogo, na meno yake ya mbele yametokeza nje ya midomo, ili afumbe mdomo huku akichimba na udongo usimwingie. Mzuri wa sura si. Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis aliushangaza ulimwengu wa sayansi alipoeleza kwamba fuko hawa wana malkia, kama nyuki na mchwa. Wanaishi makumi kwa makumi kwenye shimo moja, wakati mwingine mpaka 300, na jike anayezaa ni mmoja. Wengine huchimba, hulinda, hulea watoto wake.

Swali lao ni lipi? Chakula chao ni viazi vya porini vilivyotawanyika ardhini, na ardhi ya ukame ni ngumu kama saruji. Fuko mmoja akichimba peke yake atakufa njaa kabla hajafika kwenye kiazi. Wakiwa wengi, mmoja atakipata, wote watakula. Ila wengi kwenye mashimo membamba wanaimaliza hewa. Ndiyo maana mwaka 2017 watafiti walipowaweka mahali pasipo na oksijeni kabisa, fuko hawa waliweza kukaa dakika 18 na kuzinduka, wakati panya wa kawaida hakufikisha hata chache. Seli zao hubadili namna ya kupata nguvu na kutumia sukari aina ya fruktosi, kama mimea inavyoweza. Hewa chafu ya shimoni huwasha na kuchoma, basi nao wamepoteza hisia ya kuchomwa: hata pilipili ikipakwa kwenye ngozi yao, haiwawashi. Na miaka? Panya wa ukubwa wao huishi miaka 2 au 3. Fuko huyu hupita 30.

Kitendawili cha samaki aitwaye silikanti nimekitunga mwenyewe, mkikiona kibaya mnisamehe: mama alishika mimba tukiwa chekechea, amejifungua tukiwa darasa la tano.

Tembo, ambaye sote tunadhani ndiye bingwa wa mimba ndefu, hubeba kwa miezi 22. Silikanti hubeba kwa takriban miaka 5. Huyu ndiye samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, alipomwona kwenye lundo la samaki waliovuliwa. Kwetu Tanzania alianza kunaswa mwaka 2003, na Tanga ndiko alikoonekana kwa wingi, katika majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapo hapo Tanga.

Umri wake umesomwa kwenye magamba, ambayo huweka duara kila mwaka. Zamani walihesabu duara zilizo wazi tu, wakasema anaishi miaka 20. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliyatazama magamba kwa mwanga maalumu na kuona duara nyembamba zilizokuwa zimewapita: umri unaweza kukaribia miaka 100, na jike huanza kuzaa akiwa ameshapita 50. Huko chini kuna baridi na chakula ni kidogo. Anayeishi polepole ndiye anayedumu. Lakini mtu wa namna hiyo hawezi kushindana na jarife, kwa sababu ukimvua bibi mmoja, badala yake atapatikana baada ya nusu karne.

Mdogo kuliko wote katika hadithi hii ni chura wa Kihansi. Ana rangi ya manjano, urefu wake hauzidi sentimita 3, na aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa. Dunia nzima alikuwa na makao hayo tu: majani yanayoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta 2 hivi. Wenye uti wa mgongo wanaoishi katika eneo dogo hivyo ni wachache sana. Vyura wengi hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Jaribu kutaga mayai kwenye maporomoko uone yatafika wapi! Chura wa Kihansi hatagi. Huzaa vyura kamili, kila mmoja wa milimita 5.

Jibu zuri, ila lilikuwa jibu la swali moja tu. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilianza kazi na maji mengi ya maporomoko yakaelekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakapungua. Wahandisi wakaweka mabomba ya kunyunyiza, na kwa muda vyura wakaongezeka. Mwaka 2003 idadi yao ikaanguka ghafla, na kuvu inayoua vyura duniani ikakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Bahati ni kwamba karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakalelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Walianza kurudi mwaka 2010, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 wakaachiwa tena korongoni. Mimi siwalaumu waliotaka umeme. Hospitali na shule zinauhitaji. Ninachojua ni kwamba taa na chura viliugawana mto mmoja, na chura hakuulizwa.

Nimebakisha kimoja, na hiki mtakijibu ninyi. Papa potwe, ambaye pwani ya Kenya wanamwita papa shilingi kwa madoa yake yanayofanana na sarafu, ndiye samaki mkubwa kuliko wote. Wapo waliopita mita 12, na hula uduvi na vijidudu vya maji. Kisiwani Mafia, mbele ya Kilindoni, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Zamani tuliamini kwamba miezi mingine wanahama. Watafiti wakawafunga vifaa vya kutoa mlio, wakakuta wengi hawaendi mbali, wamezama chini tu. Wengi wao ni madume machanga. Majike wazima wako wapi? Mwaka 1995, huko Taiwan, alikamatwa jike mwenye watoto wapatao 300 tumboni. Lakini papa potwe akizaa, hakuna mtafiti aliyewahi kumshuhudia, popote duniani.

Madoa ya kila mmoja ni yake peke yake, hayafanani na ya mwenzake, na watafiti huwatambua kwa picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Kwa hiyo wewe mtoto wa Mafia, siku ukiwa chomboni na mzee ukamwona, hasa ukimwona mdogo kuliko kawaida, andika tarehe, saa na mahali. Ukiwa na simu, piga picha ubavu huo, peleka kwa watu wa hifadhi ya bahari, na usimguse.