Sanduku Lililo Dukani Halijanunuliwa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kompyuta, lakini si namna ya kuzitumia. Nataka tutazame namna ya kujua kama kweli watu wanazinunua.

Shemeji yangu anafanya kazi Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2025 alinipigia simu akiwa na furaha. Tangu tarehe 14 Oktoba Microsoft ilikuwa imeacha kuihudumia Windows 10 kama zamani, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. "Shemeji," akaniambia, "kila mtu atalazimika kununua mpya. Fedha za chuo za mtoto nataka kuziweka katika hisa za kampuni ya kompyuta." Akanitajia kampuni, akasema mwaka ule ilikuwa imesafirisha mashine nyingi kuliko mwaka uliotangulia.

Nikamwuliza: zimesafirishwa kwenda wapi?

Swali hilo laonekana la kijinga, lakini ndilo lenyewe. Mara nyingi kampuni ya kompyuta haikuuzii wewe. Humwuzia muuzaji wa jumla, naye huyapelekea maduka. Sanduku likishapokewa na muuzaji huyo, kampuni huandika mauzo. Mnunuzi asipotokea, sanduku litakaa ghalani miezi mitatu na hesabu za kampuni bado zitapendeza. Na kompyuta si saruji; kila mwezi unaopita hupungua thamani, kwani yenye nguvu zaidi inakuja kwa bei ileile.

Wenye umri wangu watakumbuka Compaq. Katika miaka ya 1990 ilifikia kuuza kompyuta nyingi kuliko kampuni nyingine yoyote duniani. Mwanzoni mwa 1998 ikaonekana kwamba maghala ya wauzaji yamefurika mashine zake. Ikabidi ishushe bei, na kwa desturi ya biashara ile, mtengenezaji akishusha bei humfidia mwenye duka kwa mali iliyokwisha kuwa rafuni. Faida ya robo ya kwanza ya mwaka ule ikawa dola milioni 16 tu, kwa kampuni iliyozoea mamia ya mamilioni. Jirani yake wa Texas, Dell, alikuwa akipokea kwanza oda ya mnunuzi, ndipo anaunganisha mashine. Dell akisema kauza, ujue mtu kanunua.

Mimi mwenyewe niliungua. Mwaka 2021, kwa hesabu za IDC, zilisafirishwa kompyuta karibu milioni 350 dunia nzima, maana Corona ilikuwa imewafungia watu majumbani. Nikanunua hisa. Sikujiuliza kwamba aliyenunua mwaka ule hatanunua tena kesho, kwa kuwa mashine hukaa miaka minne, mitano. Ilipofika 2023 zikashuka hadi kama milioni 260. Niliuza hisa zangu kwa hasara, na mke wangu hajasahau.

Tangu hapo nikiipata taarifa ya robo mwaka sianzi na maneno ya mkurugenzi. Naenda kwenye mizania. Natazama bidhaa zilizo ghalani. Zikiongezeka upesi kuliko mauzo, naingia wasiwasi. Halafu natazama fedha ambazo wauzaji hawajalipa, kwa sababu duka lisilouza halina haraka ya kulipa. Mwisho naingia madukani siku ya Jumamosi. Nikikuta bei imekatwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na muuzaji ananifuata mpaka mlangoni, hiyo nayo ni taarifa, tena haina gharama.

Nilimweleza shemeji kwamba mwanzoni mwa 2025 mashine nyingi ziliingizwa Marekani mbio mbio ili kuwahi ushuru mpya wa forodha. Hizo zilihesabiwa kabla mtu hajaingiza mkono mfukoni. Tena Microsoft yenyewe iliwapa watu binafsi mwaka mmoja zaidi wa kinga ya usalama kwa Windows 10. Na wako wengi, nami nimo, ambao hawabadilishi kompyuta mpaka izimike yenyewe.

Alikasirika kidogo, akasema mimi ni mtu wa kutia mkosi. Fedha za chuo bado ziko benki. Juzi kapiga tena, anauliza ule mstari wa bidhaa za ghalani unapatikana ukurasa gani.