Mteremko wa Bugarama: bei ya ndizi imo kwenye breki

BUJUMBURA. Ulaya, watu hulipia viti vya kamba viwapandishe mlimani, kisha wateremke kwenye theluji kwa burudani. Burundi haina theluji, lakini mteremko inao. Barabara ya RN1 hushuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 775. Ni mwendo wa kilomita kama 35 tu.

Hapo vijana wa baiskeli hushusha mikungu ya ndizi na magunia ya makaa. Kona ni kali na mzigo husukuma. Mpira wa breki huisha upesi, ndipo soli ya kiatu inapokandamizwa kwenye tairi. Wakirudi, hushika nyuma ya lori liwavute hadi juu. Lori likisimama ghafla, hakuna pa kukwepea.

Mafuta yanapoadimika, malori ya kuwavuta nayo huadimika. Tena Machi 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, hivyo mnunuzi aulize kwanza mahali pa kupokea mzigo.

Ndizi zinazofika kwa bei nafuu zimebebwa na roho ya mtu. Mfanyabiashara anayepiga hesabu ya faida aweke na haya: mikungu michache kwa safari, mpira mpya wa breki, na nauli ya kijana kurudi akiwa ndani ya gari. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya msiba.