Mathe wa Sufuria Ndiye Namba Moja

Leo tunapanga foleni ya madem mashujaa wa komiki, na hakuna kusukumana.

Tuanze na wenye hawaingii. Wonder Woman, keti. Uko kwa begi za watoi wa nasari, uko kwa chupa za maji, uko mpaka kwa soksi za Gikosh. Ile komiki alitokea mara ya kwanza, All Star Comics namba 8 ya 1941, ilikuwa inauzwa senti 10 huko Marekani. Saa hii kopi safi ni doo ya kununua ploti nzima na makeja zake. Huyo ashaomoka, kura yangu ya nini?

Storm wa X-Men naye ni cuzo. Kwa hiyo risto mathe yake, N'Daré, ni princess wa Kenya, na Profesa X alimpata huku kwetu mwaka wa 1975 akiombwa mvua kama mungu. Tunampenda sana. Lakini kila msee ashaona sinema ya X-Men anamjua, so pia yeye akae kando. Wasee wa base, hakuna kulia.

List yangu ni ya wale ukitaja jina watu wanauliza, "Nani?" Hao ndio wangu. Nimewasaka miaka mob, kwa simu na kwa inama bookshop za tao, zile za kuchagua umekunja mgongo kama umeangusha coin. Juzi niliingia duka moja ya mall, nikashika komiki nyembamba kama chapo ya hoteli ya haraka. Bei? Thao mbili. Kurasa ishirini na kitu, thao mbili! Niliirudisha kwa rafu na mikono mbili, polepole, kama mtoi amelala. Kwa inama ni finje, na muuzaji anakupea mushene juu.

Mbuyu husema katuni hazileti ugali mezani. Na ile taarifa ya saa moja anacheki kila siku na remote imefichwa chini ya mto, huleta ngapi?

Twende kazi.

Namba sita ni Butterfly. Kwa keja anaitwa Marian Michaels, anaimba kwa kilabu Las Vegas. Show ikiisha anadunga mabawa, injini mgongoni, mataa za kupofusha wakora, huyo juu. Alitokea Agosti 1971 kwa jarida inaitwa Hell-Rider. Piga hesabu. Hiyo ni karibu miaka minne kabla ya Storm. Manzi mweusi, anapaa, hajangoja mtu amfungulie mlango. Hell-Rider ikatoka mara mbili tu, ikazima. Mbili! Mwandishi wake, Gary Friedrich, mwaka uliofuata alikuwa kati ya wale walianzisha Ghost Rider, ule jamaa wa kichwa cha moto na pikipiki. Boy akapewa sinema. Dem akapewa vumbi. Hiyo kitu huniuma mpaka leo, na nitaisema kila mahali nikipewa maiki.

Namba tano, jipange, juu huyu ni luku. Miss Fury.

Jina lake la kawaida ni Marla Drake, msupa wa pesa. Siku moja anaenda pati ya kudunga manguo za ajabu, anasikia kuna dem mwingine anakuja na dress kama yake. Unaijua hiyo aibu. Umelipa fundi, umengoja wiki mbili, unafika harusi unapata bridesmaid wa tatu amevaa pazia yako. Sasa Marla hakulia. Alikuwa na ngozi ya chui mweusi alirithi kwa anko yake. Akaivaa mwili mzima, masikio juu, makucha chini, akatoka. Njiani akakutana na ngori, na huo ndio mwanzo wa risto yote. Ushujaa ulianza juu mtu alikataa kufananishwa. Niambie kama hiyo si Nairobi.

Ilianza kwa magazeti ya Jumapili Aprili 1941, miezi kadhaa kabla Wonder Woman afike. Na mchoraji alikuwa mwanamke, June Tarpé Mills. Alitupa hiyo June kwa sahihi akabaki Tarpé Mills, ndio wasomaji wasijue ni dem anachora. Alikuwa anachora viatu, makoti, kofia na gauni za jioni kama mtu amewahi kuzishika kwa mkono. Paka wa Marla, Perri-Purr, alikuwa paka wa Mills mwenyewe. Halafu 1947 akachora dem wa jukwaa na nguo kidogo, na magazeti 37 yakaitupa. Wahariri thelathini na saba, wazee na tai zao, wameshtuka na goti! Tangu zamani, mzee akiona luku kali anasaka wapi pa kushtaki.

Namba nne ni Squirrel Girl. Najua. Jina ni noma. Mkia ni noma. Ukisema kwa mat kwa sauti, makanga anakucheki mara mbili. Lakini sikia. Aliyemchora ni Steve Ditko, yule yule alimchora Spider-Man wa kwanza. Doreen Green, mtoi wa miaka kumi na nne, kwa risto yake ya kwanza kabisa alimwangusha Doctor Doom. Doom! Huyo ndiye hutoa Fantastic Four jasho. Alimwangusha na kindi. Kindi mob, wakajaa kwa chombo yake wakatafuna waya, mpaka Doom akahepa.

2015 akapewa komiki yake, Ryan North akiandika na Erica Henderson akichora. Sasa Doreen ako campo anasomea kompyuta. Anakuja Galactus, jitu linadishi sayari nzima kama samosa. Wengine wangerusha ngumi. Doreen alikaa naye chini wakabonga, akajua ni njaa tu inamsumbua, wakamtafutia sayari ingine imejaa njugu na haina watu. Ameshiba, ameenda, hakuna mtu amekufa. Mimi nimelelewa Eastlando, nimeona vita nyingi za ploti zikiisha hivyo hivyo. Mtu mmoja mtulivu, na sahani ya dishi.

Namba tatu wako wawili, na sitaki maswali.

Wa kwanza ni Qahera, wa Misri. Deena Mohamed alianza kumchora 2013, akiwa na miaka kumi na nane, akimweka kwa intaneti bure. Bure, mbogi. Hijabu nyeusi, upanga mkononi, na masikio yanaskia fala akiongea ujinga juu ya wanawake kutoka mbali sana. Jina lake ndilo jina la Cairo kwa Kiarabu, na pia lina maana ya mwanamke anayeshinda kwa nguvu. Anawasaka wale wa kushikashika madem barabarani. Madem wangu wanaopanda mat saa mbili usiku wakibana begi kwa kifua, huyu anawahusu.

Wa pili ni Jo Mullein, Green Lantern wa Far Sector. Aliandikwa na N.K. Jemisin, akachorwa na Jamal Campbell, kuanzia 2019. Jo alikuwa karao New York, saa hii analinda mji mmoja mbali kabisa angani, watu bilioni 20, na kwa miaka 500 hakuna mtu ameuliwa huko. Anafika, mtu anauliwa. Pete yake ya nguvu haina chaja ya kawaida, inajijaza yenyewe, tena taratibu, so lazima ahesabu moto kama wewe na simu ya asilimia tano ukiwa bado Globe. Komiki ilishinda Tuzo ya Hugo 2022. Na nywele zake! Zimechorwa na mtu anajua nywele zetu ni nini, si mtu wa kumwaga wino mweusi na kuenda kulala.

Sasa kabla tuende juu, kitu moja. Mimi nilianzia komiki kwa Shujaaz. Ilianza 2010, Sheng mwanzo mwisho, tulikuwa tunaipata bure ndani ya gazeti. Boyie na redio yake ya bedroom. Maria Kim wa ghetto, hana nguvu ya ajabu hata moja, ni akili tu. So sikuzoea shujaa wa kutoka kwa kasri. Nilizoea wa ploti yetu. Ndio maana hawa wawili wa juu hakuna mtu atawatoa.

Namba mbili. Rocket. Ondoa kofia.

Komiki inaitwa Icon, ilianza 1993, kazi ya Dwayne McDuffie na M.D. Bright, chini ya Milestone, kampuni ilianzishwa na wasee weusi waliochoka kungoja. Yangu niliitoa inama, haina jalada, kona moja imetafunwa na panya, ukurasa wa katikati una alama ya kikombe cha chai. Finje. Nilisoma nimesimama, watu wakinipita na mikokoteni, nikaskia mtu anapiga kelele, "Songa, boss!" Sikusonga.

Risto ni hii. Raquel Ervin, miaka kumi na tano, mtaa mgumu, analelewa na shosho. Anataka kuwa mwandishi. Boyfriend na mbogi yake wanamshawishi waingie kwa nyumba ya sonko mmoja usiku kuiba. Wanaingia. Sonko anatokea, risasi inampiga, haimfanyi kitu. Mzee anapaa. Kumbe si binadamu, ni mgeni wa nje ya dunia ameishi kati ya watu weusi wa Marekani tangu enzi za utumwa, saa hii ni wakili tajiri, keja kubwa, amejifungia na mavitabu.

Wengine walihepa. Raquel akarudi. Si kuiba. Alirudi na michoro ya nguo, akamwambia mzee: una nguvu hizi zote, na umekaa tu? Mzee akaanza ile hotuba. Unaijua. Kila mtu ajisaidie, sisi tulitoka chini na bidii, vijana wa siku hizi. Ni ile ya Krismasi ocha, neno kwa neno, kikohozi pia. Raquel hakuinama. Alimwonyesha kuna watu hawajawahi kuona mfano, na mfano ni yeye amejificha. Mzee akanyamaza, akakubali. Hapo ndipo Icon alizaliwa. Sasa niambie shujaa ni nani. Jina la jalada ni la mzee, lakini injini ni Raquel. Yeye mwenyewe akapewa mshipi wa kurudisha nguvu ya kitu chochote kikimgonga, akaitwa Rocket.

Kisha akapata ball. Yes. Shujaa wa miaka kumi na tano, ana mimba. Risto haikumficha, haikumtupa, haikumfanya sermon ya Jumapili. Walimwacha afikirie, aogope, aamue. Akazaa boy, akamwita Amistad, akarudi kazini. Mtaani kwetu nimeona madem wangapi wamefungiwa mlango hapo hapo? Majirani wanaongea kwa ngazi, mwalimu anakucheki kama kiti kimevunjika. Na hapa kuna komiki ya miaka ya tisini inasema huyu ako na mtoi, na ako angani. Ningekuwa na doo, ningeweka moja kwa kila dawati.

Namba moja. Sufuria imefika.

Abigail Hunkel, watu wanamwita Ma. Mathe mkubwa wa mwili, mabega ya kubeba gunia, ana duka ya mboga na vyakula New York. Mama mboga, basi. Alichorwa na Sheldon Mayer. 1940 wakora wanabeba watoi, mmoja ni wa Ma mwenyewe. Makarao hawana haraka. Ma hangoji. Anavaa longi za ndani nyekundu, zile za baridi, anachukua sufuria jikoni, ina matundu ya macho, anafunika kichwa. Anaenda. Wakora wanachapwa. Anaitwa Red Tornado, Novemba 1940, zaidi ya miezi kumi kabla Wonder Woman ashike ile kamba. Na mji mzima uliamini ni mwanaume! Hakuna mtu aliwaza mathe anaweza.

Luku ya Batman ni doo ya urithi. Ya Ma ni vitu zilikuwa kwa nyumba. Hakuna fundi, hakuna maabara, hakuna buibui wa kung'ata. Mwaka huo huo mashujaa wakubwa wakafanya kikao cha kwanza cha Justice Society, Ma akafika, suruali ikararuka, akahepa mbio. Wengi huchekea hapo. Mimi nilimpenda hapo. Alienda hata hivyo, na sufuria yake, kati ya wanaume wa kupaa.

Miaka ya 2000 walimrudisha akiwa shosho, analinda makumbusho ya hao wasee wa Justice Society. Mjukuu wake, Maxine, ndiye Cyclone. Kama uliona Black Adam ya 2022, yule dem wa upepo, huyo ni damu ya Ma. Ulicheki familia ya sufuria na hukujua.

Jana jioni nilimwonyesha mama mboga wetu picha ya Ma kwa simu. Alikuwa anakata sukuma, kisu inaenda bila kuangaliwa, kile kimya cha saa kumi na mbili kabla watu washuke kwa mat. Mzee wa keja ya tatu akadandia, akauliza mtu mzima anaangaliaje katuni. Hakuna mtu alimjibu. Mathe alipangusa mkono kwa leso, akashika simu, akavuta picha karibu, akacheki kichwa cha Ma, akacheki sufuria yake ya maharagwe hapo kwa jiko.

"Hii yangu ni kubwa," akasema. "Ingenifika kwa mabega. Lakini nikiweka kitambaa ndani, inakaa."