Ulinzi wa Kompyuta ya Nyumbani: Sehemu ya Pili, Kuchagua Kifurushi

Katika sehemu iliyotangulia tuliangalia jinsi virusi na ghiliba za intaneti zinavyoingia katika kompyuta ya mtu wa kawaida. Leo tuitazame bidhaa inayouzwa kwa ahadi ya kuyakomesha hayo yote kwa mpigo, yaani kifurushi kimoja cha ulinzi, ambacho ndani yake huwamo programu ya kuzuia virusi, kizuizi cha kuchuja mawasiliano yaingiayo na yatokayo, kitunza nywila, kinga ya watoto, ile njia ya siri ya mawasiliano ambayo watu huiita VPN, na aghalabu kifagio cha kufutia taka, ambacho kwa maoni yangu hutiwa humo ili sanduku lionekane limejaa.

Zamani ununuzi huo ulikuwa dharura. Kompyuta iliyotoka dukani na Windows XP haikuwa na programu yake yenyewe ya kukamata virusi, na mwenye kuiunganisha na intaneti bila ya kuitafutia alikuwa akijitakia balaa. Ndiyo maana biashara hii ilistawi, na Symantec ilipotoa Norton 360 mwaka 2007 ilikuta soko linangoja. Lakini mwaka 2009 Microsoft ilianza kugawa programu ya kuzuia virusi bila ya malipo, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga hiyo, kwa jina la Defender, huja ndani ya mfumo wenyewe. Miaka yake ya kwanza haikuwa ya kujivunia, kwa kuwa katika majaribio ilishika mkia. Siku hizi hupata alama za kukaribiana na bidhaa za kulipia. Basi swali la kwanza la mnunuzi wa leo ni haja gani aliyonayo ambayo Defender haiitimizi, na kwa mtu mwenye kompyuta moja, anayesasisha Windows kila inapodai, na asiye na watoto wa kuchungwa, jibu aghalabu ni kwamba hana.

Aliye na haja ya kweli, kama vile mzazi anayetaka kuweka mipaka ya saa na ya kurasa, asimwulize muuzaji. Aziulize maabara za majaribio, na mbili mashuhuri ni AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama 6 kwa kila moja katika mambo matatu, nayo ni kinga, wepesi wa kompyuta, na uchache wa ving'ora vya uongo, hata jumla ikawa 18. Wasomaji wengi hutazama kinga peke yake, ambako bidhaa mashuhuri zimekaribiana mno; mimi ningewashauri waanzie mambo mawili ya mwisho. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 huweza kulemewa na mlinzi wake kuliko na adui, na king'ora cha uongo si udhia mdogo: mnamo Aprili 2010 sasisho moja la McAfee liliidhania faili halali ya Windows XP, svchost.exe, kuwa ni kirusi, likaitia kifungoni, na kompyuta nyingi zikawa zinazimika na kuwaka tena bila ya kikomo.

Hata hivyo jambo ninaloliona kubwa kuliko alama ni amana. Programu ya ulinzi husoma kila faili na huona kila ukurasa unaofunguliwa. Ni bawabu aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote, na cha kulala kikiwemo. Mnamo Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Avast, ambayo mamilioni ya watu waliitumia bure, ilikuwa ikikusanya habari za kurasa walizozitembelea na kuziuza kwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwezi ule ule, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Mwaka 2021 Norton 360 ilitiwa chombo cha kuchimbia sarafu ya Ethereum kwa nguvu za kompyuta ya mteja, kwa ridhaa yake, kampuni ikijitwalia asilimia 15. Na mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky nchini humo kwa hofu ya mkono wa dola ya Urusi. Marufuku hiyo haimfungi mtu wa Tanga wala wa Mombasa, lakini yampasa apime mwenyewe. Tena anayedhani kwamba anachagua baina ya Norton, Avast, AVG na Avira, na ajue kwamba zote nne ni mali ya kampuni moja, Gen Digital.

Yako na madhara ambayo kifurushi hakiyazuii kwa bei yoyote. Mwenye Windows isiyolipiwa huambiwa na mwenye kumpa kijiprogramu cha kuifungulia kwamba azime kinga kwanza, naye huizima kwa mkono wake. Na ule ujumbe wa simu wa kumtaka mtu atume hela kwenye namba fulani haupiti kwenye kompyuta kabisa. Wala ulinzi wa kununua si badala ya masasisho ya mfumo: kirusi cha WannaCry kilipoenea Mei 2017, tangu Machi Microsoft ilikuwa imekwisha toa dawa ya tundu la Windows kililolipitia.

Imebaki bei. Ile inayotangazwa kwa herufi kubwa aghalabu ni ya mwaka wa kwanza tu; ya mwaka wa pili, ambayo huenda ikawa maradufu, itafutwe kwenye maandishi madogo kabla ya kulipa. Anayelipa kwa kadi ya benki na azime malipo ya kujirudia siku ile ile, kisha aiandike tarehe ya kumalizika mahali atakapoiona, kwa kuwa programu iliyopitwa na muda huweza kuendelea kuonyesha alama yake pembeni mwa kioo ilhali haipokei tena habari za virusi vipya. Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia kuhifadhi nakala za picha na hati nje ya kompyuta.