KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Mwenzetu akitokwa na mabaka yanayowasha, utasikia, "Kwani kala nini huyo?" Lakini yakimrudiarudia kwa zaidi ya wiki 6, mara nyingi chakula hakina kosa. Kinga ya mwili, ambayo ndiyo askari wetu, huweza kumgeuka mwenyewe. Askari hao hao waweza kuishambulia thairoidi, tezi iliyo shingoni. Ugonjwa huo wa tezi ulielezwa na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka wa 1912. Ndiyo maana kwa baadhi ya watu maradhi haya mawili huandamana. Basi mwenye mabaka akiwa pia na uchovu, kuhisi baridi ovyo au shingo iliyovimba, aende hospitalini apimwe damu. Nasi tusimkimbie jamani, mabaka hayo hayaambukizi!