MZIGO WA KIUNONI: Ushauri kwa Mlinzi Mwenye Umri na Mwili Mkubwa



Kila kiwanda kina lango, na kila shamba kubwa lina ghala. Langoni na ghalani yupo mlinzi. Tunapotaja wafanyakazi tunamkumbuka upesi mtu wa mashine na mchuma chai, lakini huyu anayekesha tunamsahau. Leo ukurasa huu ni wake, hasa yule aliyevuka miaka hamsini, au mwenye kitambi, au mwenye vyote viwili. Tutazungumza juu ya kitu anachokivaa kiunoni: mkanda wake, na bastola kwa wale walioruhusiwa kisheria kuibeba chini ya shati.

Kisa chenyewe

Hapa Juba tunaye mwanachama mmoja, mzee wa miaka 57, mtu wa mwili. Anatoka ng'ambo ya mpaka, kama wafanyakazi wengi wanaozungumza Kiswahili katika mji huu. Usiku mmoja, saa nane, msimamizi alimkuta ameketi wakati wa zamu. Alipoulizwa, akasema paja lake la kushoto limekufa ganzi na kiuno kinawaka moto. Msimamizi akamjibu kwamba ulinzi si kazi ya wazee wenye vitambi. Asubuhi akapewa barua ya onyo la mwisho.

Mzee aliileta barua ile kwetu. Tulipomwuliza maumivu yalianza lini, akasema yalianza mwezi alipopewa mkanda mpya wa kazi. Basi tukaenda naye soko la Konyo Konyo, tukamwomba muuza vitunguu atupimie mkanda ule pamoja na vitu vyake vyote: rungu, tochi, redio ya mawasiliano, pingu na chupa ya maji. Mizani ikasoma kilo tatu na nusu. Mzigo huo huvaliwa saa kumi na mbili kila usiku, umening'inia kwenye mkanda mwembamba wa upana wa vidole viwili, uliokazwa chini ya kitambi. Watu waliokuwa pale sokoni wakacheka. Mzee hakucheka.

Akatuambia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kabla ya kuja Juba, alifanya kazi miaka mingi katika shamba la miwa, akisindikiza fedha za mishahara. Siku ya malipo alikaa ndani ya gari kando ya karani, na bastola chini ya shati. "Bastola ilikuwa nyepesi kuliko mkanda huu," alisema, "lakini ilinifunza kwamba mahali pa kuweka mzigo ni muhimu kuliko uzito wake." Mengi ya yafuatayo ni mafunzo yake, pamoja na yale wanayosema waganga na watu wenye ujuzi wa silaha.

Kwanza sheria

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba makala hii haimwambii mtu ajitafutie bastola. Hapa Juba mlinzi wa kampuni binafsi kwa kawaida husimama langoni na rungu na redio, bunduki ni za polisi na majeshi. Sudan Kusini ina Sheria ya Silaha ya mwaka 2016. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Kenya ina bodi maalumu ya kutoa leseni. Uganda nayo ina sheria ya silaha ya mwaka 1970, na huko walinzi wa makampuni wenye bunduki ni jambo la kila siku. Kibali cha nchi moja hakivuki mpaka. Anayepita Nimule na bastola kiunoni kwa kutegemea karatasi ya nchi nyingine anajitafutia jela.

Kwa nini mtu mnene huumia

Kijana mwembamba ana kiuno kilichonyooka. Mkanda hukaa juu ya mifupa ya nyonga, nayo mifupa hubeba mzigo. Mtu mwenye kitambi, mkanda wake huteleza chini ya tumbo. Ili usianguke, huukaza. Ukikazwa hubana mshipa mmoja wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga kwenda upande wa nje wa paja. Hapo ndipo ganzi hutoka, na mchomo kama wa pilipili. Waganga wanaujua ugonjwa huu vizuri. Husema visababishi vyake ni pamoja na unene, nguo za kubana na mikanda mizito ya kazi, na mara nyingi hupungua mtu akiondoa kitu kinachobana. Basi mzee wetu hakuwa mvivu. Alikuwa amebanwa.

Bastola ya kawaida ikiwa na risasi zake huwa na uzito karibu na kilo moja. Si mzigo mkubwa, lakini ni chuma kigumu chenye pembe, nacho hukaa upande mmoja tu wa mwili. Kikiwekwa mahali pabaya, mwenye umri hutembea akiegemea upande, na baada ya mwaka mgongo humdai.

Mahali pa kuweka ala

Bastola hukaa ndani ya ala, yaani mfuko wake wa ngozi au wa plastiki ngumu. Tuangalie mahali mbalimbali, zuri na baya.

Mbele, chini ya kitovu. Vijana hupapenda kwa sababu mkono hufika upesi. Kwa mwenye kitambi pana taabu. Akiketi, tumbo huisukuma bastola chini nayo humchoma kinenani. Tena mdomo wa bastola hutazama mahali ambapo hakuna mwanamume anayetaka utazame.

Pembeni, nyuma kidogo ya mshono wa suruali. Hapa ndipo wengi wenye mwili hupata nafuu. Nyuma ya mfupa wa nyonga pana kibonde kidogo ambacho hata mtu mnene anacho. Ala ikikaa ndani ya suruali, nunua suruali iliyozidi kiuno chako kwa inchi mbili, la sivyo unajibana mwenyewe. Ala iinamishwe mbele kidogo ili mkono usilazimike kupinda sana. Kumbuka pia kwamba ukiinama mbele, shati huchora umbo la bastola, kwa hiyo zoea kuchuchumaa badala ya kuinama.

Nje ya suruali, chini ya shati pana. Hii ndiyo iliyomfaa mzee wetu. Haibani tumbo, na hewa hupita. Lakini inahitaji nguo ya kufunika. Yeye alivaa suti ya Kaunda, ambayo shati lake huachwa nje na kitambaa chake ni kizito, hakichori wala hakipeperuki kwa upepo.

Kwapani, kwa kanda za mabegani. Uzito hutoka kiunoni kabisa, na mtu anayeketi garini siku nzima hupumzika. Ubaya wake ni kwamba lazima uvae koti juu. Katika joto la Juba hilo si jambo dogo: Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto. Aidha, katika ala nyingi za namna hii mdomo wa bastola huelekea nyuma, kwa mwenzako. Na mwenye bega lililokaza kwa umri hawezi kuvusha mkono kifuani upesi.

Mgongoni, katikati. Usiweke. Ukianguka chali unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Ukiketi kwenye kiti cha gari, ni kama kuegemea jiwe.

Kifundo cha mguu. Mwenye kitambi hawezi kuinama akafika upesi, na mguu mmoja huchoka kabla ya mwingine.

Mkanda mpana wa kitambaa cha kuvutika, unaozunguka tumbo. Hausumbui, na huenda juu ya kiuno mahali ambapo mkanda wa suruali haufiki. Lakini hunyonya jasho, nao ulio laini hauikingi triga vizuri. Asiuchague mtu ila ule wenye ala ngumu iliyoshonwa ndani.

Mfuko wa suruali bila ala. Hapana kabisa. Funguo au sarafu ikiingia kwenye triga, utajipiga risasi mwenyewe.

Mkanda ndio msingi

Wengi hununua ala nzuri wakaitundika kwenye mkanda wa suruali ya kanisani. Mkanda laini hupinda, bastola ikalala nje kama embe linalotaka kuanguka, na mtu akaukaza mkanda zaidi. Mkanda wa kazi uwe mgumu, wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja au wa nailoni nzito, upana wa inchi moja na nusu au zaidi kidogo. Uwe na matundu mengi, ili ulegezwe tundu moja baada ya chakula. Ndani yake vaa fulana ndefu ili chuma na jasho visigusane na ngozi ya mwili. Ala ya ngozi ipanguswe na kukaushwa kivulini kila baada ya zamu, kwa maana ngozi iliyolowa jasho hulegea na bastola hukutu.

Kama kiuno hakishiki mkanda hata kidogo, vaa kanda za mabegani zinazoning'iniza mkanda chini ya shati. Hakuna aibu hapo. Mafundi wetu wa mbao na umeme hufanya hivyo kwa vifaa vyao.

Usalama wakati wa kuvaa

Ajali nyingi hazitokei wakati wa kupambana. Baadhi hutokea mtu anaporudisha bastola ndani ya ala. Pindo la shati huingia kwenye triga, naye akisukuma, risasi hutoka. Mwenye kitambi yuko hatarini zaidi kwa sababu haoni ala yake. Kwa hiyo: vuta shati pembeni kwa mkono wa pili, geuza kiuno, angalia kwa macho, kisha irudishe polepole bila kidole kwenye triga. Hakuna anayekufukuza unaporudisha silaha. Na ala yoyote isiyoifunika triga yote si ala.

Kabla ya kwenda kazini na ala mpya, toa risasi zote, hakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu, halafu ivae saa mbili nyumbani. Keti, chuchumaa, panda ngazi, funga viatu. Ikikuuma saa mbili za mchana, itakuuma zaidi saa kumi na mbili za usiku. Ukivua, silaha ifungiwe mbali na watoto.

Na sisi wa rungu na redio?

Kanuni ni zile zile. Usiweke kitu kigumu katikati ya mgongo. Gawa uzito pande mbili, redio kulia na rungu kushoto. Chupa ya maji iondoke kiunoni, iwekwe kibandani. Panapowezekana, mzigo uhamie kwenye kizibao chenye mifuko kifuani. Katika mji wa Eau Claire, jimbo la Wisconsin huko Marekani, polisi walijaribu vizibao hivyo kwa muda wa miezi sita, na maumivu ya kiuno na nyonga yakapungua kuliko walipobeba kila kitu kwenye mkanda. Kama polisi wa nchi tajiri wanaumwa viuno, mlinzi wa Juba asione haya kusema naye anaumwa.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye neno la chama. Mkanda wa kazi ni chombo cha kazi kama panga la mkata miwa. Si pambo la mfanyakazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 shirika hilo liliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, na Sudan Kusini ni mwanachama tangu mwaka 2012. Hata Sheria ya Kazi ya nchi hii, ya mwaka 2017, inazungumzia usalama na afya kazini.

Tulipomaliza kupima mkanda, tulikwenda kwa mwajiri, tukauweka mezani. Hatukupiga kelele. Tulimwomba msimamizi auvae kwa muda wa mazungumzo yetu tu. Baada ya saa moja aliomba ruhusa auvue. Siku zilizofuata mzee alipewa kanda za mabegani na mkanda mpana zaidi, na ganzi imepungua. Lakini walinzi wenzake watano wenye miili kama yake bado wanavaa mikanda ya zamani, na ile barua ya onyo la mwisho ingali ndani ya faili. Kwa hiyo kazi haijaisha. Tumeomba barua ifutwe kwa maandishi, na tunarudi tena mwezi ujao.

Mwanachama anayesoma haya, kama wewe ni mlinzi, fanya mambo matatu wiki hii. Pima mzigo wako kwenye mizani. Andika mahali unapoumia na saa unapoanza kuumia. Mpelekee mwakilishi wako wa chama maandishi hayo, wala usingoje mguu ukatae kutembea. Na kama wewe si mlinzi, kesho ukipita langoni mwulize yule mzee anaendeleaje na kiuno chake. Yeye ndiye anayelinda chombo unachofanyia kazi wakati wewe umelala.

Umoja ni nguvu.